Takhmisi Haikuwa Wizi

Limezuka neno katika nyanda hizi za juu za kusini, na wanaolisema ni watu wenye vyeo, wale ambao wenzao huwaamini kabla ya kufikiri. Wanasema kwamba vijana wa Njombe na Makambako wanaoandika hadithi mpya za Joram Kiango, za Willy Gamba na hata za Bwana Msa ni wezi. Nimelisikia likitamkwa kongamanoni na kupigiwa makofi. Nimelisikia likirudiwa na walimu wa Kiswahili. Msemaji wa kongamano lile, ambaye sitamtaja, alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba utunzi wa namna hiyo hauna mizizi katika fasihi yetu, ni tabia ya vijana wa Ulaya na Marekani iliyotujia juzi. Hilo la pili ndilo lililonishikisha kalamu. La kwanza ni tusi tu, na tusi waweza kuliacha lipite; la pili ni kosa la elimu, na limesemwa na mtu anayelipwa kwa ajili ya elimu.

Yafaa kwanza msomaji wa kisiwani aelezwe jambo lenyewe, kwani yamkini halijamfikia. Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapa, na hapa ndipo inapochipuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Kwa miaka mingi vitabu vya hadithi vimeingia mji huu kama viingiavyo vitunguu na mitumba: mikononi mwa matingo, ndani ya mabehewa, chini ya viti vya mabasi. Kitabu kilichokwisha kusomwa na watu arobaini njiani hakifiki kizima. Jalada limekwenda, kurasa za mwanzo zimekwenda, na mara nyingi, kwa uchungu usioelezeka, kurasa za mwisho nazo zimekwenda. Msomaji amemwacha Joram Kiango amefungwa kamba kitini, mdomo wa bastola umeelekea kichwani mwake, na karatasi zimekwisha. Afanye nini? Nakala nyingine haipatikani. Maduka ya hapa huuza vitabu vya shule na vya dini. Basi huchukua daftari akaandika mwisho wake mwenyewe. Mwenzake husoma, hasadiki, naye akaandika mwisho mwingine. Ndivyo lilivyoanza jambo hili kwa wale niliowaona mimi, na wadogo zao wamelipokea na kulikuza. Hawatosheki tena na mwisho. Huandika visa vizima: Joram akishuka stesheni ya Makambako usiku wa mwezi wa Julai, akitetemeka kwa baridi asiyoitarajia, huku Inspekta Kombora akifuatilia mzigo uliofichwa ndani ya magunia ya viazi yatokayo Njombe. Nuru, mwenzi wa Joram, yumo pia, na katika daftari moja nililolisoma yeye ndiye anayemwokoa Joram, si kinyume chake. Naziita hadithi za kuendeleza, kwa kuwa sijapata jina bora.

Ati hazina mizizi! Wakale wa Pate na Lamu wangetushangaa. Takhmisi ni nini, kama si kuingia ndani ya shairi la mwingine na kutunga humo humo? Mtunzi wa pili hulichukua shairi lililokwisha kutungwa, lenye beti za mistari miwili miwili, akatunga mistari mitatu yake na kuitanguliza mbele ya ile miwili, ubeti ukawa wa mistari mitano. Ndiyo sababu ya jina lenyewe, litokanalo na tano ya Waarabu. Shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa kale, tumelipata ndani ya Takhmisi ya Liyongo, na takhmisi hiyo hunasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule mwenye Al-Inkishafi. Sharifu, mwanachuoni, bingwa wa lugha; naye hakuona aibu kutunga ndani ya shairi la mwingine, wala sijasikia kwamba yuko aliyemwita mwizi.

Lakini wanaotaka kuzitetea hadithi za kuendeleza wasiishie kusema kwamba takhmisi ni ya kale. Waitazame adabu iliyomo katika umbo lake, kwani humo mna mafunzo yanayozidi mihadhara mingi. Mistari ya mwenye shairi haiguswi; inabaki kama alivyoiacha, na msomaji anayejua mpangilio aweza kuichambua na kuitenga na ile iliyoongezwa. Mgeni hutangulia kusema, lakini neno la mwisho la kila ubeti humwachia mwenyeji. Mizani ni ya mwenyeji, na kina cha mgeni hupatanishwa na kina anachokikuta, si vingine. Zaidi ya yote, tazama jina. Kazi ile haiitwi Takhmisi ya Abdallah. Inaitwa Takhmisi ya Liyongo. Mtunzi wa pili amejishusha kiasi kwamba leo twamtaja kwa kunasibisha tu, ilhali jina la wa kwanza limekaa pale juu kama taa ya mnara. Mwizi gani aibaye ng'ombe akamwandika ubavuni jina la mwenyewe?

Na si takhmisi peke yake. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alimrudia Liyongo huyo huyo, akautunga utenzi wa maisha na kifo chake. Liyongo hakuwa mali yake, na hakuhitaji kuwa. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa. Hebu hesabu visa vya Abunuwasi vilivyozaliwa pwani yetu, ambavyo mshairi yule hakuviota. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze, wasomaji wa Alfu Lela u Lela waliitambua humo hadithi ya Abdullah bin Fadhil na nduguze. Omar Khayyam alimpitia Mwingereza FitzGerald ndipo akatufikia kwa mkono wa Shaaban huyo huyo, na kila mkono uliompokea ulimwongezea kitu. Mwalimu Nyerere alitufasiria mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari mwaka 1963. Shakespeare naye kisa kile alikitoa kwa Plutarch. Mlolongo huu hatuuiti genge la wezi. Tunauita fasihi, na tunawatahini watoto juu yake.

Sasa nyinyi wa Unguja nisikilizeni kwa upole, kwani nataka kumgusa mzee wenu. Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla, kilishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, kikachapishwa 1960. Kiko cha Bwana Msa, utulivu wake, akili yake inayoona uzi pale ambapo wengine huona vumbi, na rafikiye Najum asiyekwisha kustaajabu: vyote hivyo tunajua vimepita wapi kabla ya kufika Unguja. Vimepita London, Baker Street, nyumbani kwa Sherlock Holmes na Daktari Watson. Hata hivyo asomaye haoni London. Aona mitaa ya Unguja, mashamba, mizimu, baraza, ulimi wa watu wanaosema kwa mafumbo. Abdulla aliazima mfinyanzi, udongo ukawa wake.

Hapa atasimama mtu aniambie: "Mzee, Abdulla alibadilisha jina. Hakuandika kwamba Sherlock Holmes ameshuka bandarini Unguja. Vijana wako wanachukua jina lenyewe, Joram Kiango, wakaliweka kwenye madaftari yao." Hoja hiyo ina uzito, wala siikimbii. Kubadilisha jina kwaweza kuwa ufundi, kama kulivyokuwa kwa Abdulla, ambaye alijenga nyumba nyingine kabisa. Lakini kubadilisha jina kwaweza pia kuwa ndiyo njia ya kufuta nyayo. Nimesoma vitabu vilivyochapishwa, vyenye jalada la rangi na picha ya mtunzi nyuma, ambamo Willy Gamba amepewa jina jipya na suti ile ile, na hakuna mstari mmoja unaomtaja Elvis Musiba. Watunzi wa vitabu hivyo hualikwa makongamanoni. Kijana wa Makambako anayeandika "Joram Kiango" amekiri deni lake katika kila ukurasa. Yule mwingine amelificha, na makofi anapigiwa yeye.

Hispania waliwahi kuwa na kesi hii, nayo ni nzuri kuliko zote nizijuazo. Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya Don Quijote mwaka 1605. Kabla hajamaliza ya pili, mwaka 1614 akatokea mtu mwenye kujiita Avellaneda, jina la bandia, akachapisha sehemu ya pili yake. Kuendeleza kitabu cha mwingine hakukuwa ajabu zama zile. Kilichomchoma Cervantes ni dibaji: mtu yule alijificha nyuma ya jina la uongo, kisha akamcheka mzee kwa uzee wake na kwa mkono wake uliolemaa vitani. Aliingia nyumba ya mtu usiku, amefunika uso, akamtukana mwenye nyumba. Cervantes alijibu kwa kalamu mwaka 1615: alitoa sehemu yake ya pili ya kweli, na ndani yake akamfanya Don Quijote mwenyewe kukisikia kitabu kile cha bandia na kukidharau. Dunia inamkumbuka Avellaneda kwa sababu hiyo tu. Ukitaka kujua mpaka uko wapi kati ya mtunzi wa takhmisi na mwizi, uko pale: jina la mwenyewe limetajwa au limefichwa, na ameheshimiwa au amedhalilishwa.

Sheria nayo, ajabu, inakaribia hapo hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara ilipotungwa ilimpa mtunzi, mbali na haki za mapato, haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi na haki ya kuzuia kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Jina na heshima. Sheria hiyo hiyo iliweka tafsiri na utoaji wa kazi katika sura nyingine pamoja, vyote viwili katika haki za mtunzi, kwa hiyo bwana wa kongamano, aliyezisifu tafsiri dakika kumi kabla ya kuwalaani waendelezaji, angefanya vyema kuisoma. Mimi ni mfasiri. Nimeishi miaka mingi ndani ya nyumba za watu. Kama kuketi katika nyumba ya mwingine ni wizi, basi nifungwe mimi kwanza kabla ya watoto.

Wala sisemi kwamba hakuna mpaka wa fedha. Sheria ile iliweka ulinzi wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ben Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010; hesabu ni rahisi, na hakuna kati yetu wazee atakayeuona mwisho wake. Daftari linalopita mkono kwa mkono kijiweni ni jambo moja. Siku daftari hilo litakapotamani kuwa kitabu cha kuuzwa, mwenye daftari awatafute warithi, aombe, na akikataliwa akubali. Kijana aliyeniuliza kama anaweza "kuchapa nakala mia tu za majaribio" nilimjibu hapana, naye alinuna.

Nimewatetea vya kutosha. Sasa niwageukie wao wenyewe, kwa sababu anayemtetea mtoto mbele za watu ana haki ya kumkanya nyumbani.

Wanangu, nimewasoma. Nimesoma madaftari mengi kuliko mnavyodhani, mengine yenye madoa ya chai na ugali, na kuna mtu mmoja ninayekutana naye katika kila daftari. Ni kijana wa Makambako, au wa Njombe, ana umri wa miaka ishirini na miwili. Ni mrefu. Anajua karate, Kifaransa na kuendesha helikopta, na hakuna palipoelezwa alijifunza wapi. Joram Kiango akimwona tu anamwambia, "Kijana, wewe umenizidi." Nuru anamwangalia kwa jicho la pili. Katika sura ya tatu anamwokoa Joram, katika ya tano anamwokoa Nuru, na katika ya saba Inspekta Kombora anampigia saluti. Huyo kijana tunamjua. Ni wewe. Si kosa mtu kujiota katika hadithi aipendayo, sote tumejiota. Lakini kumbuka takhmisi: mgeni hutangulia kusema, neno la mwisho akamwachia mwenyeji. Ukimleta kijana wa Makambako ndani ya nyumba ya Mtobwa, mfanye aogope. Mfanye akosee njia kwa kuwa hajawahi kufika Dar es Salaam, akadanganywa Kariakoo, akahifadhiwa na Joram ambaye hana hata muda wa kumuuliza jina. Hapo nitakusoma mpaka koroboi izime.

Jambo la pili ni mizani. Mtunzi wa takhmisi asiyejua mizani ya shairi alilolichagua hafiki ubeti wa pili. Nathari nayo ina mizani yake, ambayo haihesabiwi kwa vidole lakini sikio huijua. Joram wa Mtobwa ana namna yake ya kusema, ya kunyamaza, ya kufanya mzaha pale penye kifo. Najum hasemi kama Nuru. Bwana Msa akianza kurusha mateke, si Bwana Msa tena, ni mtu mwingine aliyeiba kiko chake. Kitabu cha asili kisomwe mara tatu kabla ya kuandika mstari mmoja. Na wale mnaoandika kutokana na mlichosimuliwa tu kijiweni, bila kuwahi kukishika kitabu, andikeni mtakalo, lakini msiniletee.

Kisha kuna lile linaloniudhi kweli kweli. Nimeletewa daftari ambamo mwanamke anayejulikana hapa mjini ametiwa ndani ya kisa, jina limebadilishwa herufi moja, na mambo anayotendwa humo siyaandiki hapa. Joram amewekwa kama mlinzi wa mlango tu. Nalisema wazi: hayo si kuendeleza hadithi ya mtu, ni umbea uliovikwa koti la riwaya, na kama yuko anayestahili hasira ya bwana wa kongamano ni mwandishi wa daftari hilo. Joram ni mtu wa karatasi, risasi haimwumizi. Mwanamke yule huenda sokoni kila asubuhi. Nalo daftari halijui umri wa anayelifungua. Madaftari haya hufika mikononi mwa watoto wa darasa la sita. Anayeandika mambo ya chumbani au damu nyingi aandike hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, mtu achague kabla ya kuingia.

Wasomaji nanyi msijione mmesalimika. Nawasikia stendi: "Sehemu ya pili iko wapi? Mbona unachelewa?" Mwandishi huyo asubuhi yuko shambani kwa viazi, jioni anatafuta mafuta ya taa. Hakulipwa, wala hakuwaahidi. Conan Doyle alipomuua Holmes mwaka 1893, wasomaji walimwandikia barua za lawama, na miaka kumi baadaye alikuwa amekwisha kumfufua. Hilo liliwezekana kwa sababu magazeti yalimlipa vizuri. Nyinyi mnalipa nini? Walau mrudishe daftari likiwa na kurasa zake zote.

Na adabu ya kukosoa nayo ni adabu. Katika shule moja ya eneo hili, mwalimu alikuta daftari la binti wa kidato cha tatu, ambamo Nuru alikuwa ameacha kazi ya upelelezi ili amlee mdogo wake yatima, na hatari ikamfuata nyumbani. Mwalimu alilisoma kwa sauti mbele ya mstari wa asubuhi, kwa sauti ya kuigiza, shule nzima ikacheka, kisha akalichana akisema wizi haukubaliki. Nilikuwa nimezisoma sura mbili za daftari lile. Sentensi zake zilikuwa fupi na safi, na alijua jambo ambalo watunzi wengi wa riwaya za upelelezi hawalijui, kwamba hofu huingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Binti yule ameacha kuandika. Nimemtumia salamu mara mbili kwa wazazi wake, nao wamenijibu kwa heshima kwamba anasoma masomo ya sayansi sasa.

Haya ndiyo ninayotaka wenye vyeo wayapime. Wanalalamika makongamanoni kwamba vijana hawasomi. Hapa kuna vijana wanaozisoma riwaya za Kiswahili mpaka karatasi zinachanika, wanaobishana kama Kombora angeweza kusema neno fulani au la, wanaojua tofauti ya Musiba na Mtobwa kwa sentensi moja tu. Ushairi wetu ulikuzwa kwa namna hiyo hiyo, watu wakijibizana magazetini kwa bahari ile ile na vina vile vile, kila mmoja akimtaja mwenzake aliyemchokoza. Ukimwita mwizi mtoto anayeingia fasihi kwa mlango huo, hatatafuta mlango mwingine. Ataondoka.

Kwa hiyo naleta ombi kwa mhariri wa jarida hili, nikijua atapokea barua za hasira: zitengwe kurasa chache kila toleo kwa hadithi za kuendeleza, kwa idhini ya wenye haki, na ianzwe na Bwana Msa, maana huyo ni wenu na warithi wake mwaweza kuwafikia kwa urahisi kuliko sisi wa bara. Sisi huku tumekwisha kuanza kuweka utaratibu. Nimewaambia wanaonijia kwamba ukurasa wa kwanza wa kila daftari uwe na mambo matatu: jina la kitabu cha asili na mtunzi wake, tena kwa herufi kubwa, jina la anayeendeleza, kwa herufi ndogo, na maelezo ya mahali hasa ambapo kitabu cha asili kilikatika na mkono mpya ukaanza. Mawili ya kwanza wameyakubali. La tatu wanalibisha, wanasema linaharibu utamu, kwamba msomaji mzuri atapatambua mwenyewe mahali hapo, na asiyepatambua ni heri asijue. Tumebishana juu ya hilo Jumapili tatu, na bado.